Kisigino cha Shaba

Kiswahili kilituchanganya mapema, sisi wa Sikonge:
madini ni risasi, na kinachotoka mtutuni ni risasi.
Baba akisema, "Leo nayeyusha risasi,"
mama aliondoa watoto, akaondoa na unga.

Sufuria ile haikuingia jikoni.
Ilikaa banini, chini ya vichanja vya tumbaku,
imefungwa kamba nyekundu kama mbwa anayeng'ata.
Ndani yake zilitumbukia chubwi za nyavu,
alizoleta mjomba Luhaga kwa treni kutoka Kigoma,
bado zinanuka dagaa.
Zilikaa, zikakaa, halafu zikakata tamaa kwa pamoja,
zikawa maji mazito yenye uso wa kioo.

Kazi yangu ilikuwa nta.
Kipande kama punje ya mhindi, kutoka mzinga wetu wenyewe:
nitupe, nirudi nyuma hatua tatu.
Moshi ukapanda, taka zikaelea, baba akaziengua
kwa kijiko ambacho mama alikisamehe bila kukisahau.
Kisha kalibu. Mimina, subiri, fungua.
Za kwanza zilitoka na makunyanzi.
"Kalibu ina baridi bado," alisema,
akazirudisha sufuriani bila hasira,
jambo ambalo sisi wanawe hatukulizoea.

Birika la bibi Nyamizi lilitoboka mwaka wa mvua nyingi.
Baba alilikata visahani, vidogo kama vifungo vya shati,
akavikunja kingo, akaivisha kila risasi kimoja kisiginoni.
Nikauliza: kwa nini nyuma? Mnyama si yuko mbele?
"Mnyama yuko mbele. Moto uko nyuma.
Risasi tupu, moto huilamba mgongo,
ikalia njia nzima, mtutu ukabaki na machozi ya kijivu,
na shabaha ikaanza kusema uongo.
Anayesukumwa na moto avae kiatu."

Mwezi wa nane, kibali kimekunjwa ndani ya nailoni,
ndani ya mfuko wa shati, ndani ya koti:
miyombo ya nyuma ya Ipole, majani makavu kama chapati za jana,
na korongo dume, pembe zimerudi nyuma,
anasikiliza kitu ambacho hakikuwa sisi.
Baba alipiga mara moja.
Mlio siukumbuki. Nakumbuka ndege walivyonyamaza.

Tulipomchuna tuliikuta ng'ambo ya pili, chini ya ngozi,
imefunuka kama uyoga wa masika,
na kipande cha birika la bibi kipo palepale kisiginoni.
Baba aliifuta kwa jani, akanipa.
Nyingine zote zilirudi sufuriani. Hiyo hakuidai.

Miaka kumi na tisa baadaye vidole vyake vikaanza kutetemeka.
Akamwita mbwa kwa jina la kaka yangu.
Hospitali ya Kitete, daktari kijana, karatasi mkononi:
"Mzee, una risasi kwenye damu."
Baba akajipapasa kifua, tumbo, akageuza shingo kutafuta kovu.
"Mimi? Nani kanipiga?"
Tulicheka wote, hata muuguzi aliyeshika sindano.
Kisha daktari akauliza habari za sufuria,
bani lina madirisha mangapi,
na watoto walikuwa wanasimama wapi.

Mama hakusema "nilisema."
Alikwenda nyumbani, akachimba shimo refu kuliko la choo,
akaizika sufuria pamoja na kamba yake.

Bunduki imerudi polisi. Kaka Lusangija hakutaka kuirithi.
Stakabadhi iko mezani kwangu, na juu yake nimeweka ile moja
upepo wa Agosti usije ukaichukua.
Ukiipindua, shaba imeingia weusi, ila kwenye ukingo
bado kuna alama ya nyundo
ya fundi aliyetengeneza birika kabla baba hajazaliwa.

Huwa naishika kidogo.
Halafu nanawa mikono. Mara mbili, kwa sabuni.